Viola Spolin, Mwalimu wa Wachekeshaji

Ndugu tuliosoma hapa, nanyi vijana mlio madarasani, leo napenda kumkumbuka Bibi Viola Spolin, aliyezaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1906. Alijifunza kwa Neva Boyd kufundisha kwa njia ya michezo. Kuanzia 1939 alifundisha maigizo huko Chicago, wakiwamo watoto wa wahamiaji, wenye lugha na mila mbalimbali. Badala ya maneno ya kukariri aliwapa michezo, na maneno yakazaliwa humo humo. Mwaka 1959 mwanawe, Paul Sills, alishiriki kuanzisha The Second City, kundi la vichekesho lililokuzwa na michezo hiyo. Mwaka 1963 bibi akaitolea kitabu. Alifariki 1994. Vijana, nawaomba: katika maigizo yenu, mwenzenu mwenye haya mpeni mchezo kwanza, ndipo mumdai maneno.