Samuel Colt: Alifilisika kwanza, utajiri ukaja baadaye

Watu wanaokusanya bastola kuukuu za karne ya 19, zile za fataki, wana jina moja wasilochoka kulitaja: Colt. Lakini mwenyewe unamjua?

Samuel Colt alizaliwa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, Julai 19, 1814. Mamake alifariki Colt akiwa bado mdogo. Shuleni hakudumu. Mwaka 1830 akaingia melini kama baharia, safari ya Calcutta, India, na humo akachonga kwa mbao mfano wa bastola yenye silinda inayozunguka. Alikuwa na miaka 16 tu, pengine rika lako.

Sasa pesa za kuunda bastola ya chuma atoe wapi? Utacheka. Alijiita daktari, akazunguka mijini akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha, nao wakalipa kiingilio!

Mwaka 1836 alipewa haki ya uvumbuzi huo Marekani, akaanza kuunda bastola mjini Paterson, New Jersey. Hebu fikiria: bastola ya kawaida ilitoa risasi moja, kisha uanze upya kushindilia baruti. Yake ilikuwa na matundu matano. Kila tundu unalitia baruti na risasi, na nyuma yake unavika fataki, kikofia kidogo cha shaba. Ukivuta nyundo nyuma, silinda inajizungusha. Ukifyatua, nyundo inagonga fataki na cheche inawasha baruti.

Ajabu ni kwamba wanunuzi walikuwa wachache. Jeshi halikuvutiwa, na kufikia 1842 kampuni ilikuwa imeanguka. Jamaa akabaki hana kiwanda.

Aliyemwokoa ni Kapteni Samuel Walker, aliyezijua bastola hizo tangu Texas. Marekani ilikuwa ikipigana na Mexico, na serikali ikaagiza bastola 1,000 kubwa zaidi, za matundu sita. Ilibidi Colt aombe kiwanda cha Eli Whitney mdogo kimuundie. Bastola hiyo, Colt Walker, ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi, na baadhi zilipasuka silinda zikitumika. Walker mwenyewe aliuawa vitani Oktoba 1847, muda mfupi baada ya kupokea zake mbili.

Hapo pesa zikaanza kumiminika. Kufikia 1855 Colt alikuwa na kiwanda kikubwa Hartford. Ila mimi shujaa simwiti. Marekani ikielekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliwauzia silaha watu wa Kaskazini na wa Kusini vilevile. Hizi si mapambo, ziliundwa kuua.

Alifariki Januari 10, 1862, akiwa na miaka 47 pekee. Mkewe, Elizabeth, aliacha mkusanyo wa bastola za mumewe kwa jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum, Hartford. Na zile Colt Walker? Ziliundwa 1,100 hivi tu. Mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 1.84 milioni, zaidi ya Sh180 milioni wakati huo.