Shekhar Mehta: Dereva aliyezima ubabe wa injini kubwa kwa gari dogo

WAKAZI wa Shelly Beach, Likoni, wamezoea kuona meli kubwa zikikaribia kutoka baharini na kuingia mlango wa Kilindini. Ndani ya meli kama hizo ndimo yalimopita magari mengi yaliyobadili historia ya michezo katika Afrika Mashariki. Yapo yaliyotoka Ulaya yakiwa na injini za kutisha na sifa zilizotangulia mbele yao. Mengine yalikuwa ya Japani, madogo, ambayo mtu angeweza kudhani ni teksi ya mjini. Aliyeonyesha kwamba hayo madogo yaweza kuwashinda wakubwa si mara moja bali mwaka hadi mwaka ni Shekhar Mehta, aliyefariki dunia jijini London tarehe 12 Aprili, 2006.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni, 1945, katika familia tajiri ya Kihindi iliyojulikana kwa mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Lugazi. Angeweza kuishi maisha yake yote akihesabu magunia ya sukari ofisini. Badala yake, alipotimiza miaka 21 alishika usukani wa gari aina ya BMW na kuingia katika mashindano, na tangu hapo biashara ya familia ikawa na mpinzani moyoni mwake.

Ili kufahamu alichokuja kukifanya, ni lazima msomaji akumbuke Safari Rally ya zamani ilikuwa kitu cha namna gani. Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikawa ikifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati mvua za masika zinapoanza. Magari yalipita katika barabara za umma zisizofungwa, yakikutana na mabasi, punda na ng'ombe. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kuelewa lakini nzito kutekeleza: kila kituo kilikuwa na muda wake wa kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi moja ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Katika enzi zake kubwa, umbali wa mashindano ulizidi kilomita 5,000.

Pwani ilikuwa na adhabu zake. Aliyeteremka kutoka Nairobi kuja Mombasa, safari ya kilomita zipatazo 480 kwa barabara kuu, alikuwa akiacha baridi ya nyanda za juu na kuingia katika joto linaloichosha injini na dereva kwa pamoja. Ukipita vumbi jekundu la Taita, mvua ikinyesha, vumbi hilo hilo linageuka matope mazito.

Wamarekani walilionja jambo hili mapema. Mwaka 1964 kampuni ya Lincoln-Mercury ilileta timu ya magari 6 aina ya Comet yenye injini za V8, ndugu wa damu wa yale magari yenye misuli yaliyokuwa yakitamba katika barabara kuu za Marekani. Kule kwao gari lilipimwa kwa muda linaotumia kukimbia robo maili iliyonyooka, na injini kubwa ilikuwa jibu la kila swali. Huku robo maili iliyonyooka na kavu ilikuwa anasa. Ni Comet 2 tu zilizofika mwisho, tena nyuma sana, na ushindi ukaenda kwa Peter Hughes aliyekuwa katika Ford Cortina GT, gari la silinda 4. Somo lilikuwa wazi, ila viwanda vikubwa haviko hodari wa kujifunza kwa makosa ya wenzao.

Mehta alijitokeza mbele ya macho ya wengi mwaka 1971 alipomaliza wa pili katika Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyo hiyo. Hiyo 240Z ilikuwa gari la kimichezo lenye milango 2 na injini ya silinda 6 ya lita 2.4. Japani ilikuwa imeipeleka Marekani kwa wingi ili kuwavuta wanunuzi waliozoea V8 za kwao, na huko ilisifiwa kwa wepesi wake. Barani Afrika sifa ilikuwa nyingine: ilivumilia.

Kisha likaja pigo ambalo halikuhusiana na michezo. Mwezi Agosti, 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wapewe siku 90 wawe wameondoka. Familia ya Mehta ikapoteza mashamba na kiwanda ilichokijenga kwa vizazi, ikahamia Kenya. Kijana aliyezaliwa katika neema akawa mmoja wa maelfu waliovuka mpaka wakiacha nyuma karibu kila kitu.

Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya msukosuko huo, Mehta alianza Safari akiwa na umri wa miaka 27, akisomewa ramani na Lofty Drews. Mwaka huo ndio uliokuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Ford Escort ilikuja ikiwa na kiburi cha ushindi wa mwaka uliotangulia, ambapo Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuibuka mshindi. Peugeot 504 nayo ilikuwa na wafuasi wengi, maana ndilo gari ambalo wananchi walilijua.

Lakini mpinzani halisi wa Mehta alitoka katika nyumba yake mwenyewe. Harry Källström wa Sweden aliendesha Datsun 1800 SSS, gari la milango 4 lenye silinda 4 ambalo kwa sura halikupishana na lile la mwalimu mkuu au karani wa benki. Mtu akiyaweka magari hayo mawili sambamba, 240Z ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo ya kupendeza macho. Matope hayakujali. Baada ya maelfu ya kilomita za Kenya na Tanzania, hesabu ilipofanywa, Mehta alikuwa na adhabu 406, na Källström naye 406. Yaani kila mmoja alichelewa kwa saa 6 na dakika 46, wala hapakuwa na dakika moja ya kuwatenganisha.

Kanuni zilikuwa na jibu. Wanaotoka sare hupimwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Aliyefanya hivyo ni Mehta. Wapo waliouona ushindi huo kuwa wa makaratasi, lakini shutuma hiyo haina uzito. Kwenda mbali bila doa ndiko kulikokuwa kiini cha Safari, na kanuni ilijulikana na wote kabla bendera haijashushwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya wengine. Joginder Singh wa Kericho alishinda mwaka 1974 na tena 1976 kwa Mitsubishi Lancer ndogo, na katika ule wa 1974 aliiacha nyuma Porsche 911 ya Björn Waldegård. Peugeot ikashinda 1975 na 1978, Ford 1977. Mehta alisubiri.

Mwaka 1979 ndipo lilipokuja pambano ambalo mashabiki wa magari hawajachoka kulijadili. Mercedes-Benz ya Ujerumani ilileta 450 SLC 5.0, gari la kifahari lenye injini ya V8 ya lita 5, uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na gia za kujibadili zenyewe. Usukani ulikabidhiwa watu wa daraja la Mikkola. Mehta, safari hii akiwa na Mike Doughty kama msoma ramani, alipewa Datsun 160J, iliyojulikana pia kwa jina la Violet: silinda 4, injini ya takriban lita 2, na ekseli moja nzima nyuma ya aina ambayo fundi yeyote wa mtaani angeifahamu.

Kwa karatasi pambano hilo lilikuwa limekwisha kabla ya kuanza. Katika barabara ndefu zilizonyooka Mercedes ilikuwa ikiruka. Tatizo ni kwamba nguvu ile ilibeba uzito, na kila shimo lililokanyagwa kwa kasi lilirudisha deni kwenye springi, magurudumu na mwili mzima wa gari. Gari jepesi hulipa deni dogo. Tena gari rahisi likivunjika hutengenezwa upesi, na katika mashindano ambayo saa ya fundi huhesabiwa kama saa ya dereva, urahisi ni kasi ya namna yake. Mehta alimaliza wa kwanza na Mikkola wa pili.

Wajerumani walirudi mwaka 1980 wakiwa wamejiandaa zaidi. Mehta akashinda tena, Rauno Aaltonen akawa wa pili kwa Datsun nyingine, na Mercedes iliyotangulia wenzake, ya Vic Preston Mdogo, ikawa ya tatu. Haki isemwe: 450 SLC halikuwa gari baya. Ilitamba Ivory Coast mwaka 1979. Hata hivyo Safari, ambayo ndiyo waliyoitaka hasa, iliwaponyoka, na mwisho wa mwaka 1980 kampuni ikajiondoa katika rally.

Mwaka 1981 Datsun zilijaza nafasi za mbele na Mehta akashinda kwa mara ya nne. Mwaka huo huo alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva, jambo zito kwa mtu aliyetoka katika eneo lisilo na kiwanda kikubwa cha magari wala wafadhili wa kutosha. Katika baadhi ya mashindano ya nje aliyesoma ramani ni mkewe, Yvonne, na wawili hao wakawa jozi iliyoheshimiwa kwa uwezo wake, si kwa ndoa yake.

Ushindi wa tano, mwaka 1982, huenda ndio uliomtambulisha vizuri kuliko yote. Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyetawazwa bingwa wa dunia mwishoni mwa mwaka huo, alikuja na Opel Ascona 400. Kwa kasi tupu ni wachache duniani waliomkaribia Röhrl. Mehta hakujaribu kumpita kwa kasi tupu. Alilitunza gari lake, akajua ni wapi pa kulikamua na wapi pa kulihurumia, akafika Nairobi mbele yake. Opel ililipiza mwaka uliofuata kupitia Ari Vatanen, ikiziacha nyuma hata Audi Quattro zenye kuendeshwa kwa magurudumu yote 4.

Mehta hakushinda Safari tena. Mwaka 1987, katika mashindano ya Mafarao nchini Misri, gari lake la Peugeot lilipata ajali mbaya jangwani. Aliumia vibaya mno, na maisha yake ya udereva wa ushindani yakakoma hapo. Majeraha hayo hayakumwacha hadi kifo chake. Alipopata nafuu aliuendea mchezo kwa mlango mwingine, akaingia katika shirikisho la kimataifa la FIA na kufikia kuiongoza Kamisheni ya Rally, kiti kinachotunga kanuni kama ile iliyowahi kumpa ushindi mwaka 1973.

Alikuwa hai kushuhudia Safari ikipoteza nafasi yake katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002. Hakuwahi kuiona ikirudi, Naivasha, mwaka 2021. Idadi yake ya ushindi 5 ilifikiwa na Carl Tundo mwaka 2018, wakati Safari ilipokuwa nje ya ubingwa huo. Ushindi wa miaka 4 mfululizo haujafikiwa na dereva mwingine.