Raymond Davis: Aliyekipima Chombo Chake Kwanza

Leo twawaletea askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi, maisha ya Raymond Davis, mwanakemia wa Marekani aliyezaliwa mjini Washington mwaka 1914. Alipohitimu shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1942, aliingia jeshini, akatumwa Dugway, jimbo la Utah, kushuhudia majaribio ya silaha za kemikali. Alitoka jeshini mwaka 1946, na mwaka 1948 akaanza kazi katika maabara ya Brookhaven.

Kazi iliyompatia sifa ni kuhesabu nyutrino, chembe ndogo mno zitokazo katika kiini cha jua na kuipenya hata dunia nzima. Katika miaka ya 1960 alijenga tangi ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, jimbo la South Dakota, karibu mita 1,500 chini ya ardhi, ili mwamba uzuie mionzi mingine ya angani. Tangi lilijazwa lita 380,000 za dawa yenye klorini, ile watumiayo madobi kusafishia nguo bila maji. Mara chache mno, nyutrino huigeuza atomu ya klorini kuwa argoni yenye mionzi, ambayo hukusanywa kwa kupitisha gesi ya heli.

Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1968. Nyutrino zilikuwa pungufu. Na miaka ilipopita ikadhihirika kuwa ni kama theluthi moja tu ya makadirio ya wataalamu. Wengi walishuku kwamba tangi lilikuwa likipoteza atomu. Davis hakushindana nao kwa maneno. Alitia tangini atomu 500 za argoni yenye mionzi, akazitafuta, akazipata. Vihesabio vyake navyo alivipima kwa chuma chenye mionzi ambayo nguvu yake yajulikana. Hesabu haikubadilika, naye hakuibadilisha ili kuwaridhisha wakubwa wa elimu.

Nchini Italia, mwaka 1994, wataalamu wa mtambo wa GALLEX nao waliupima mtambo wao kwa kromiamu itoayo nyutrino kwa kiasi kinachojulikana, wakauona ni sahihi. Hatimaye, mwaka 2001 na 2002, watafiti wa Sudbury, nchini Kanada, walithibitisha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, na tangi la Davis lilikuwa likitambua aina moja tu.

Davis alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 88. Alifariki mwaka 2006.

Sisi tulio na wajibu wa kutoa taarifa kwa wakubwa wetu tuna la kujifunza hapa. Askari aliyekwisha kukagua chombo chake hana sababu ya kupunguza wala kuongeza alichokiona.