Zheng He: Dogo Aliyetekwa Vitani Akageuka Bosi wa Bahari

Msee, kabla useme maisha imekukalia, skiza stori ya huyu jamaa.

Zheng He alizaliwa 1371 huko Yunnan, China, mbali kabisa na bahari. Familia yao ilikuwa ya Waislamu. Buda yake na babu yake wote waliitwa Haji. Yeye mwenyewe aliitwa Ma He. Akiwa na miaka kama kumi hivi, jeshi la Ming likavamia Yunnan. Buda akadedi, dogo akashikwa. Wakamhasi, wakampeleka kutumikia mwanamfalme Zhu Di.

Wengi wangeishia hapo. Yeye akawa mwanajeshi mkali, na Zhu Di akamwamini kinoma. 1402 Zhu Di alimpindua mtoto wa kakake akawa mfalme, anajulikana kama Yongle. Hakusahau mtu wake: 1404 akampa jina la Zheng, na 1405 akamwachia meli kibao na watu zaidi ya 27,000.

Safari zilikuwa saba, zimejaa hariri na vyombo vya kauri. Lakini usidhani ilikuwa biashara tu. Huko Palembang, Sumatra, Wachina walikuwa wameshahamia na kutulia kitambo, na haramia Mchina, Chen Zuyi, alikuwa anahangaisha meli. Zheng He akamshika 1407, akapelekwa Nanjing akauawa. Sri Lanka nako, mtawala aliyemletea ngori alibebwa mpaka China.

Sisi pia tuko kwa hii stori. 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, na watu huko wakaona ni yule mnyama wao wa baraka anayeitwa qilin. Baadaye meli za Zheng He zenyewe zikafika pwani yetu.

Halafu Yongle akadedi 1424. Mwanawe akaona safari zinakula doo mob, akazisimamisha. Ya mwisho iliondoka 1431 ikarudi 1433, na Zheng He akafariki miaka hiyo hiyo. Rekodi nyingi za safari zake zikapotea.

China ilikunja matanga, lakini Wachina waliokuwa ng'ambo hawakumsahau. Hadi leo pale Semarang, Java, kuna hekalu la Sam Poo Kong, na watu bado huenda kumheshimu. Dogo aliyenyimwa nafasi ya kupata watoto wake, leo anaitwa babu na watu wa ng'ambo.