Stepan Makarov: Admirali aliyeangamizwa na bomu la kutegwa baharini

WAHENGA walinena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Ni wachache ambao maisha yao yaliikaribia methali hiyo kama Stepan Osipovich Makarov, admirali wa Urusi aliyefariki Aprili 13, 1904 manowari yake ilipogonga bomu lililotegwa baharini na Wajapani. Silaha iliyomuua ilikuwa ya ukoo mmoja na zile zilizompa sifa alipokuwa afisa kijana.

Makarov alizaliwa Januari 8, 1849 katika mji wa Mykolaiv, karibu na Bahari Nyeusi, ambao siku hizo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi na sasa uko nchini Ukraine. Babaye alikuwa afisa wa ngazi ya chini katika jeshi la wanamaji, mtu asiye na mali wala jina kubwa. Stepan alipokuwa mtoto, familia ilihamia Nikolayevsk, karibu na mlango wa Mto Amur, mashariki ya mbali kabisa ya himaya hiyo. Huko ndiko alikosomea ubaharia, mbali na vyuo vya mji mkuu walikosoma wana wa mabwanyenye.

Akili yake ilianza kung'ara mapema. Mnamo 1869 manowari aliyokuwa akihudumu, Rusalka, iligonga mwamba na nusura izame. Badala ya kumshukuru Mungu na kuyasahau yaliyopita, kijana huyo alikaa chini akatafakari jinsi chombo kilichotoboka kinavyoweza kuokolewa. Alibuni mkeka mzito wa kuteremshwa ubavuni mwa meli ili kuziba tundu kutoka nje, na kuanzia 1870 akachapisha maandishi kuhusu uhai wa vyombo majini. Suala hilo la meli kutozama lilimshughulisha maisha yake yote.

Vita baina ya Urusi na Uturuki vilipozuka mwaka 1877, Makarov alikabidhiwa meli ya abiria iliyogeuzwa kuwa ya kivita, Velikiy Knyaz Konstantin. Meli hiyo ilibeba mashua ndogo za mvuke ambazo usiku ziliteremshwa majini, zikanyemelea manowari za Waturuki na kuzishambulia kwa vilipuzi. Usiku wa Januari 26, 1878, katika bandari ya Batumi, mashua zake ziliizamisha meli ya Uturuki, Intibah, kwa kutumia topido. Tukio hilo huhesabiwa kuwa la kwanza katika historia ambapo topido inayojiendesha yenyewe ilizamisha chombo vitani. Tangu hapo jina la Makarov likawa linatajwa katika kila jeshi la wanamaji.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa vita pekee. Akiwa nahodha wa meli ya Taman mjini Istanbul kati ya 1881 na 1882, alichunguza mlangobahari wa Bosphorus na kuthibitisha kwa vipimo kwamba una mikondo miwili inayopishana. Maji ya juu hutoka Bahari Nyeusi kuelekea Bahari ya Marmara, ilhali yale ya chini, yenye chumvi nyingi zaidi, hurudi kinyume. Kisha kati ya 1886 na 1889 aliizunguka dunia kwa meli ya Vityaz akipima joto na uzito wa maji ya Bahari ya Pasifiki. Jina la meli hiyo limechongwa kwenye ukuta wa jumba la makumbusho ya bahari huko Monaco. Fauka ya hayo, ndiye aliyesukuma kuundwa kwa Yermak, meli kubwa ya kuvunja barafu iliyojengwa Newcastle, Uingereza, na kukamilika mwaka 1899.

Mapema Februari 1904, akiwa mkuu wa ngome ya Kronstadt, Makarov aliwaandikia wakubwa wake akiwaonya kwamba si busara kuziacha manowari zikiwa zimetia nanga nje ya bandari ya Port Arthur, ambayo leo ni Lüshun nchini Uchina. Hakusikizwa kwa wakati. Usiku wa Februari 8 Wajapani walizishambulia meli hizo na vita vikaanza. Serikali ilimteua Makarov kuongoza kikosi hicho, naye akawasili Port Arthur mwezi Machi.

Alikuta mabaharia waliokata tamaa. Siku chache tu baada ya vita kuanza, Yenisei, meli ya Urusi iliyokuwa ikitega mabomu karibu na Dalny, ilikuwa imelipuliwa na bomu la Warusi wenyewe.

Mabomu hayo yalikuwa matufe ya chuma yaliyojazwa baruti kali, yakafungwa kwa kamba ya chuma kwenye nanga ili yaelee chini kidogo ya uso wa maji, yasionekane. Meli ilipoligonga tufe, mtambo wake ulichomoka au kuvunjika na mlipuko ukafuata. Bomu halikubagua bendera wala halikumtambua aliyelitega.

Makarov alirudisha moyo wa kikosi. Alitoka na meli mara kwa mara, akapanda chombo chochote bila kujali cheo chake, na mabaharia wakampenda. Lakini usiku wa kuamkia Aprili 13 mambo yalienda mrama. Meli ya Wajapani, Koryo Maru, ilinyemelea karibu na lango la bandari na kutega mabomu. Miale ya kurunzi kubwa za ngome ilimulika vivuli vya vyombo gizani. Maafisa waliomba ruhusa ya kufyatua mizinga, lakini Makarov alikataa kwa kuwa kulikuwa na manowari ndogo za Urusi zilizotumwa nje usiku huo, naye alihofia kuua watu wake. Kulipopambazuka, mahali hapo hapakufagiliwa mabomu.

Asubuhi habari zilifika kwamba manowari ndogo Strashny imezingirwa. Makarov alitoka kwa haraka akiwa ndani ya Petropavlovsk. Alipoona kikosi kikuu cha Admirali Togo kikija, aligeuza ili apigane chini ya ulinzi wa mizinga ya ngome. Muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi, Petropavlovsk iligonga bomu, zana zilizokuwamo zikalipuka, na katika dakika chache ikawa imezama. Zaidi ya watu 600 walifariki, akiwemo mchoraji mashuhuri wa picha za vita, Vasily Vereshchagin. Mwili wa Makarov haukupatikana. Mtu aliyetumia miaka zaidi ya 30 kutafuta njia ya kuzuia meli zisizame hakupata hata nafasi ya kuiokoa yake.

Hata upande wa adui alililiwa. Mshairi wa Kijapani, Ishikawa Takuboku, alitunga shairi la kumwomboleza. Mwezi mmoja baadaye, Mei 15, 1904, Warusi walilipiza kwa silaha ile ile: manowari mbili kubwa za Japani, Hatsuse na Yashima, ziligonga mabomu yaliyotegwa na meli ya Amur, zikapotea.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Septemba 1905, lakini mabomu hayakuwa na habari. Kamba zilikatika kwa mawimbi na dhoruba, na matufe yakaanza kutangatanga pwani ya Uchina, nchi ambayo haikuwa upande wowote katika vita hivyo. Katika kongamano la amani mjini The Hague mwaka 1907, wajumbe wa Uchina walieleza kwamba raia wao kati ya 500 na 600, wengi wakiwa wavuvi na wachukuzi wa pwani, walikuwa wameuawa. Kongamano hilo lilipitisha mkataba uliotaka mabomu yaliyokatika nanga yawe hayawezi kulipuka, na kila taifa liondoe mabomu yake vita vikiisha. Mkataba huo haukuwa na meno ya kutosha, lakini ulikuwa wa kwanza wa aina yake.

Sanamu ya Makarov ilizinduliwa Kronstadt mwaka 1913 na ingalipo. Ukumbusho mwingine ulijitokeza majini. Machi 26, 2022, majuma machache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bomu la muundo wa zamani lilionekana likielea karibu na mlango wa kaskazini wa Bosphorus. Usafiri wa meli ulisimamishwa kwa muda hadi wapiga mbizi wa jeshi la Uturuki walipolizima. Januari 2024 Uturuki, Romania na Bulgaria zilitia sahihi makubaliano ya kusaka mabomu ya aina hiyo kwa pamoja. Maji ya juu katika mlangobahari huo yangali yanatoka Bahari Nyeusi kwenda Marmara, kama Makarov alivyoyapima, na lolote linaloelea juu yake hufuata njia hiyo hiyo.