Okot p'Bitek: Mwalimu Aliyefundisha Asichokisomea

Likizo iliyopita, nyumbani Mbeya, nilimwambia baba kwamba nikimaliza ualimu nataka kusoma shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni. Akaniuliza, tangu lini hadithi zinasomewa chuo? Sikuwa na jibu. Huku Iringa nimelitafuta, nikakutana na Okot p'Bitek.

Alizaliwa Gulu, Uganda, mwaka 1931. Mwaka 1953 tayari alikuwa na riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Baadaye akaenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira. Wenzake wakarudi, yeye akabaki kusoma. Akaanza na ualimu Bristol, kama sisi, kisha sheria Aberystwyth na anthropolojia Oxford, ambako alitafiti nyimbo za Waacholi na Walango. Mwaka 1966 ukatoka utenzi uliomfanya ajulikane dunia nzima, Wimbo wa Lawino.

Cheti cha uandishi? Hakuwa nacho. Lakini mwaka 1982 Makerere wakampa uprofesa wa uandishi wa kubuni. Miezi michache tu, akafariki akiwa na miaka 51.

Kwa hiyo baba ana nusu ya hoja, nami nina nusu. Uandishi unafundishika, ndiyo maana chuo kilimpa kazi. Ila yeye aliingia darasani na nyimbo za kwao mkononi. Uzamili nitaomba. Kabla ya kujaza fomu, nitajaza daftari: hadithi za bibi kwa Kinyakyusa, kabla hajaondoka nazo.