MWENYE HERI ANUARITE: HURUMA ILIYOANZIA NYUMBANI



Kila tarehe 1 Desemba Kanisa linamkumbuka Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite. Wale tuliotoka Kongo tunalijua jina lake tangu utotoni. Habari ya kifo chake tumeisikia mara nyingi. Leo tuangalie pia maisha yake ya kila siku, maana humo ndimo alimojifunza huruma.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, katika kabila la Wabudu. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake. Nyumbani kwao machozi hayakukosekana. Mama alizaa mabinti tu, na baba, kwa kutaka mtoto wa kiume, alimwacha akaoa mke mwingine. Jambo hilo lilimwumiza sana Anuarite. Hata hivyo alimsamehe baba yake. Msamaha wake mgumu wa kwanza haukuwa kwa adui wa vita, bali kwa mtu wa nyumba yake.

Akiwa bado msichana alitamani utawa. Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda kwa masista wa Bafwabaka. Naye akapanda kwa siri. Mama yake akajua baadaye. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu. Pale Bafwabaka alifundisha watoto wa shule ya msingi, alitunza sakristia na alipika jikoni. Kazi nzito ambazo wengine walizikwepa, yeye alizishika kwa moyo mweupe. Alipenda kuona wenzake wamefurahi.

Mwaka 1964 nchi iliwaka moto wa vita vya Simba. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori, na mwisho wakawafikisha Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, mkubwa wa askari alitaka kumfanya Anuarite mke wake. Alikataa. Kanali Olombe akampiga vibaya kwa bunduki. Katikati ya mapigo hayo, Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Kisha wakamchoma visu, na Olombe akampiga risasi. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Siku hiyo Papa naye, kwa jina la Kanisa lote, alimsamehe yule aliyemwua.

Ndugu zangu, tuelewe vizuri. Anuarite alikataa dhambi na akamsamehe mkosaji, yote mawili katika saa moja. Kusamehe si kusema kwamba ubaya haukutendeka. Wala si kumrudia anayetupiga. Aliyechomewa nyumba ana haki ya kulia na kudai haki. Lakini chuki tukiibeba toka kwetu mpaka huku Ludara, itakula watoto wetu ambao hata vita hawakuviona.

Na huruma haiji ghafla siku ya hatari. Anuarite aliizoea jikoni, darasani, na katika jeraha la familia yake. Sisi tunaweza kuizoea kwenye foleni ya maji, siku ya mgao wa chakula, na kwa jirani mjane asiye na wa kumjengea. Wenyeji wetu wa Koboko wanajua jambo hili: wengi wao walikimbilia Kongo na Sudani baada ya mwaka 1979, wakapokelewa. Leo wametupa mashamba.

Jioni hii, kila familia ijiulize: ni nani nyumbani mwetu bado hatujamsamehe? Tuanze na huyo.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.